Kalenda ya ofisi ikivurugwa, usikimbilie kurekebisha

Ofisi nyingi hapa Mbeya siku hizi zina kalenda moja ya kushea kwenye Google Calendar, mle ndani kuna gari la kwenda Chunya, chumba cha mikutano, likizo za watu, ziara za wafadhili, kila kitu, na wafanyakazi wote wamepewa ruhusa ya kubadilisha lakini bakapu hana hata mmoja. Mimi nasaidia ofisi ndogo ndogo mambo ya kompyuta na nikipigiwa simu kwamba kalenda imeharibika nauliza kwanza: vitu vimefutwa au vimebadilishwa?

Kama vimefutwa, tulia. Fungua kwa kompyuta, ingia kwenye mipangilio, tafuta tupio la hiyo kalenda, vitu vinakaa humo siku 30 na mtu yeyote mwenye ruhusa ya kubadilisha anaweza kuvirudisha. Ila usije ukabonyeza kufuta moja kwa moja. Wanaotumia Outlook ya ofisi nao wanaanzia kwenye vilivyofutwa, na hata huko kukisafishwa bado kuna sehemu ya kuokoa, kwa kawaida siku 14, na admini anaweza kuongeza mpaka 30.

Vilivyobadilishwa ndio balaa jamani. Tupio halitunzi saa ya zamani, kitu kikisogezwa kimesogezwa. Kuna ofisi moja walikuwa na kikao cha kupanga magari kila Jumatatu saa 3 asubuhi, sasa wiki ya Nane Nane nusu ya watu walikuwa bandani pale viwanja vya John Mwakangale, dada mmoja akataka asogeze kikao cha wiki hiyo tu kiende Jumanne, yuko kwenye simu, ikamuuliza hili tu au yote, akabonyeza yote, halafu saa akaandika 3:00 kama tunavyosema sisi, kumbe mashine inaelewa ni saa 9 usiku. Watu wanaanza kupata alamu za kikao usiku wa manane. Hilo lenyewe lingerekebishika, shida ni kwamba asubuhi kila mtu akaingia kurekebisha kwa anavyokumbuka yeye, mwingine akafuta mwingine akaandika upya, na safari za gari nazo zikaguswa, mpaka gari likaonekana halina kazi siku ambayo dreva alishaahidiwa kwenda Tunduma.

Kwa hiyo cha kwanza kabisa, tuma meseji kwenye grupu la ofisi: asiguse mtu. Ondoa ruhusa ya kubadilisha kwa muda, waache waone tu. Halafu ndio utafute bakapu. Pale kwenye ofisi ile ilikuwepo, faili la ics la Ijumaa, yaani nakala ya kalenda nzima kwenye faili moja, na ndilo lililowaokoa.

Kulitoa ni kazi ya dakika chache, ila lazima kompyuta, kwenye app ya simu hutaliona hilo: mipangilio, kuingiza na kutoa, unapata faili la zip lenye ics ndani. Fanya kila Ijumaa kabla ya kutoka, weka tarehe kwenye jina la faili, kopi moja ibaki kwenye laptopu na nyingine kwenye flashi au drive ya ofisi.

Wakati wa kurudisha ndio watu wanaharibu mara ya pili. Usilipakie faili juu ya kalenda iliyovurugika, unaweza kuishia na vitu viwili viwili. Tengeneza kalenda mpya, iite MAJARIBIO, pakia humo, kaa na anayepanga magari mlinganishe siku kwa siku, kilicho sahihi ndio mkipeleke kwenye ile kuu. Na ujue wageni waliokuwa wamealikwa na linki za mkutano wa video hazirudi na hilo faili, itabidi uwaalike upya. Ukitaka kuhakiki saa, fungua ics kwa Notepad, ni maandishi ya kawaida tu, matukio ya mara moja mara nyingi yanaandikwa kwa saa za UTC, yaani saa za kimataifa zilizo nyuma ya zetu kwa masaa matatu, ukiona 060000Z, yaani 06:00 ya UTC, ongeza masaa matatu, ni saa 3 asubuhi yetu.

Ruhusa nazo mzipunguze. Watu wawili wa kubadilisha wanatosha kwa ofisi ndogo, wengine waone na wakiwa na ombi waseme. Hao wawili wawashe pia taarifa za barua pepe, tukio likibadilishwa wajue siku hiyo hiyo.

Na angalieni kalenda ni ya nani. Nimekuta Uyole kalenda ya ofisi nzima iko kwenye Gmail binafsi ya mtu ambaye yuko mbioni kuhamia Iringa. Mfanyakazi wa kawaida akiitoa inatoka kwake tu, lakini mwenye nayo akiifuta imefutika kwa wote. Fungueni akaunti ya ofisi, hamishieni umiliki huko yeye akiwa bado yupo, na mumsubiri mbele ya kompyuta mpaka mhakikishe imehama.