Wasomaji Wanauliza: Antaktika kwa meli ndogo, twende mwezi gani?

SWALI: Mimi na mume wangu tunajipanga kwenda Antaktika kwa meli ndogo kutoka Ushuaia, Argentina. Wakala ametupa nafasi ya Novemba na ya Februari. Tunataka pengwini na nyangumi. Tuchague ipi? Na bahari ya huko tunaiogopa. – Msomaji, Toronto

JIBU: Kwa kuwa mnataka nyangumi pia, nendeni Februari.

Novemba theluji ni safi na mandhari yanapendeza mno, lakini nyangumi bado ni wachache, na njia nyembamba kama ya Lemaire huenda ikawa imezibwa na barafu. Uzuri wa Novemba ni viota. Pengwini wa aina ya gentoo hujenga kwa vijiwe: dume huleta kimoja kimoja mdomoni, akainama na kukiweka mbele ya jike, na akigeuka tu jirani keshaiba kingine. Jike hutaga mayai mawili, yanaatamiwa siku 35 hivi, na vifaranga huanza kutoka mwishoni mwa Desemba.

Ikifika Februari vifaranga wamekuwa wakubwa na wana njaa kali. Mzazi akitoka baharini na chakula, wanamfukuza ufukweni kote, na mara nyingi anayekaza mbio ndiye anayelishwa. Nyangumi wa nundu nao ni wengi, wanakula uduvi kwenye ghuba zilizotulia. Hasara yake ni kwamba pengwini wa Adélie wengi wameshaondoka, na theluji ya karibu na viota imegeuka ya waridi kwa kinyesi, kwani uduvi ndio chakula chao. Harufu yake hung'ang'ania nguo.

Kuhusu bahari: mlango wa Drake, yaani bahari iliyo kati ya Amerika Kusini na Antaktika, una upana wa kilomita 800 hivi, na kuuvuka huchukua takriban siku mbili. Muulizeni daktari dawa ya kichefuchefu cha bahari inayowafaa, kisha mmeze meli ikiwa bado kwenye maji tulivu ya mfereji wa Beagle, mnaoupita mkitoka Ushuaia. Ukisubiri mpaka uanze kutapika, kidonge hakikai tumboni.

SWALI: Kuna meli ya abiria 190 na nyingine ya 450, ya pili ni nafuu sana. Tofauti ni nini hasa? – Msomaji, Dar es Salaam

JIBU: Tofauti ni muda wa kukanyaga nchi kavu. Kanuni ni kwamba watu wasizidi 100 ufukweni kwa wakati mmoja, na meli yenye abiria zaidi ya 500 haishushi mtu kabisa. Abiria 190 hugawanywa makundi mawili: moja linashuka, jingine linazungushwa kwa boti za mpira kati ya vilima vya barafu vinavyoelea, kisha wanabadilishana. Abiria 450 ni makundi matano, na upepo ukigeuka asubuhi hiyo, la mwisho hubaki melini. Kwa maoni yetu unafuu huo hauna faida. Afadhali ungoje mwaka mwingine uchange.

SWALI: Je, naruhusiwa kupiga magoti nimpige picha pengwini kwa karibu? – Msomaji, Mwanza

JIBU: Hapana. Mafua ya ndege yalithibitishwa bara la Antaktika mwanzoni mwa 2024, na wageni wanatakiwa wasikae, wasipige magoti wala kuweka begi chini. Buti peke yake ndizo zinazogusa ardhi, nazo husafishwa kwa dawa kabla ya kushuka na baada ya kurudi. Kaa mita 5 kutoka kwa mnyama. Ukiona mfereji uliokanyagwa kwenye theluji, hiyo ni njia ya pengwini kwenda baharini: usisimame humo. Simama kando, tulia, na mara nyingi watakusogelea wenyewe.

SWALI: Nyangumi wa nundu tunaowaona huku Watamu kuanzia Julai, ndio hao wa Antaktika? Na nikienda huko, niwapigeje picha ili watambulike? – Msomaji, Malindi

JIBU: Ni aina moja, na hawa wetu pia hula kwenye bahari za kusini, ila wale wanaoonekana na watalii wanaotokea Ushuaia ni kundi jingine. Wengi wao huenda kuzaa pwani ya Pasifiki, upande wa Ekuado, Kolombia na Panama.

Nyangumi mmoja hutambuliwa kwa mabaka meupe na meusi chini ya mkia, ambayo hayafanani na ya mwenzake. Kwa hiyo picha ya mgongo haisaidii sana. Subiri auinue mgongo juu kuliko kawaida, ndipo anapojiandaa kuzama kwa kina, kisha piga mfululizo kwa nyuma yake mpaka mkia uishe majini. Barafu ikijaza picha, kamera huidhani ni ya kijivu na kutia giza kila kitu, kwa hiyo ongeza mwanga hatua moja. Kabla ya kuingia melini, funga kamera ndani ya mfuko usiopitisha hewa, uiache humo mpaka ipate joto, la sivyo lenzi itajaa ukungu.