Nenda Semina ya Michezo na Raba Miguuni

Semina yangu ya kwanza ya walimu wa michezo niliimaliza nikiwa nimekaa kitini siku zote tatu. Ukumbi ulikuwa mzuri, chai ya saa nne ilifika kwa wakati, nami nikajaza kurasa 40 za daftari: maana ya elimu ya viungo, umuhimu wake, malengo yake. Jumatatu nikarudi shuleni kwetu, pembezoni mwa mji wa Morogoro, nikatoka uwanjani na wanafunzi 84 wa Darasa la Tano na mpira mmoja. Nikafungua lile daftari. Hapakuwa na mstari hata mmoja wa kunisaidia saa ile. Nikapanga timu mbili, 22 wakacheza, na 62 wakakaa chini ya mwembe kusubiri zamu ambayo wengi wao haikuwafikia.

Baada ya hapo nimehudhuria nyingine kadhaa, na mbili kati ya hizo zimebadilisha kabisa ufundishaji wangu. Naandika kwa ajili yako mwalimu uliyeitwa kwa mara ya kwanza, au unayetamani kuitwa.

Kabla ya kusafiri, upime uwanja wako kwa hatua. Andika urefu, upana, mteremko uko wapi, mvua ikinyesha maji yanatuama wapi. Andika idadi ya wanafunzi, mipira iliyo mizima, kamba, na nani katika darasa lako ana ulemavu. Nina mwanafunzi asiyeona vizuri, na kwa muda mrefu kazi yake kipindi cha michezo ilikuwa kushika mashati ya wenzake. Naona uchungu kila nikikumbuka. Karatasi hiyo ndiyo mzigo muhimu kuliko yote kwenye begi lako. Mwezeshaji anaweza kuwa na ujuzi mwingi sana, lakini shule yako haijui mpaka umweleze.

Kwenye semina ya pili nilinyoosha mkono nikasema: nina wanafunzi 84, mpira mmoja, kipindi cha dakika 40, nifanyeje? Mwezeshaji wetu, mama mtu mzima aliyefundisha michezo miaka mingi, hakunijibu kwa maneno. Alitutoa nje wote, akaniambia nishike filimbi, walimu wenzangu wakawa wanafunzi.

Alinifundisha vituo. Unagawa darasa makundi sita ya watoto 14. Kituo cha kwanza wanapasiana ule mpira mmoja. Cha pili wanacheza rede kwa mpira wa soksi: wawili wanarusha huku na huku, wa katikati anakwepa huku akijaza mchanga kwenye chupa, na wenzao wanapokezana. Cha tatu kamba. Cha nne kuruka mbali kutoka kwenye mstari. Cha tano kukimbia kwa kupinda kati ya matairi chakavu. Cha sita kurusha na kudaka mpira wa makaratasi. Dakika tano za kupasha mwili, dakika tano kila kituo, filimbi ikilia wanahama, dakika tano za mwisho za kupoza mwili. Hesabu inatimia 40, na chini ya mwembe hakuna mtu.

Ukiyasoma hapa yanaonekana rahisi. Nami niliyaona rahisi mpaka niliposhika filimbi. Nilisimama katikati ya uwanja, kama nilivyozoea, na makundi matatu yakawa nyuma yangu. Mama yule akaja akanishika bega, akanisogeza hadi ukingoni, mgongo wangu ukaelekea ukuta. Ghafla nikawaona wote. Hilo hukuti kwenye kitini chochote cha semina, na huwezi kulinakili ubaoni. Ndiyo maana nasema nenda na trakisuti na raba, na ratiba ikikuonyesha mada ya ukumbini na ya uwanjani kwa saa moja, chagua ya uwanjani.

Dada zangu walimu, ulizeni mapema kama kuna mahali pa kubadilishia nguo. Nimeona walimu hodari wakikaa pembeni siku nzima kwa sababu walikuja na sketi ya kubana na viatu vya ofisini, hakuna aliyewaambia.

Chunguza pia semina ni ya nini. Nyingi tunazoitiwa zinakuja kabla ya UMITASHUMTA au UMISSETA, yale mashindano ya michezo ya shule za msingi na za sekondari, na zinahusu sheria za mchezo, uamuzi na kuandaa timu. Ni mafunzo mazuri na tunayahitaji. Ila yanamhusu mtoto aliyechaguliwa, yule mwenye mbio. Kipindi cha darasani ni cha watoto wote 84, na mwenye mwili mzito au miguu dhaifu ana haki nacho kuliko mtu yeyote. Kama barua haielezi, mpigie afisa michezo wa halmashauri umuulize. Anayetaka kuzama zaidi, kipo Chuo cha Maendeleo ya Michezo Malya, kule Kwimba, mkoani Mwanza.

Mada ya huduma ya kwanza usiikose hata kama umechoka. Miaka mingi mtoto akiteguka kifundo cha mguu tulimkanda kwa maji ya moto tukidhani tunamponya. Jeraha bichi linataka baridi, bandeji isiyobana sana, mguu kuinuliwa na kupumzishwa. Asipoweza kukanyaga kabisa, apelekwe kituo cha afya.

Kuna jambo linaloniuma. Barua ya mwaliko inafika shuleni, na kwa sababu ina posho, anatumwa mtu asiyefundisha michezo. Limenitokea. Nilikwenda kwa mwalimu mkuu, nikamwomba kwa heshima kwamba aliyekwenda akirudi atupe saa moja kwenye jumuiya yetu ya kujifunza, ile ya MEWAKA (mafunzo endelevu ya walimu kazini), atuonyeshe alichokiona. Alikubali, na siku hizi ndio utaratibu kwa kila anayesafiri.

Nawe ukirudi, usikae na ulichojifunza hata wiki moja. Chagua jambo moja tu, ulifundishe siku ya kwanza, kisha umwonyeshe mwenzako. Mwalimu mkuu akikuuliza kwa nini Darasa la Saba watoke nje karibu na mtihani, mwambie kwa upole kwamba Shirika la Afya Duniani linataka mtoto wa miaka 5 hadi 17 apate wastani wa dakika 60 za mazoezi kila siku, na kipindi chako hakifiki hata hapo.

Sisi walimu wa shule tatu za jirani hatusubiri tena barua. Jumamosi moja kila mwezi tunakutana saa mbili asubuhi kwenye uwanja wetu, kila mmoja anakuja na mchezo mmoja, tunaucheza wenyewe kwanza. Mwezi uliopita mwenzetu alileta mpira wa soksi wenye kokoto ndani ya kopo dogo, unaolia ukiviringika. Yule mwanafunzi wangu wa mashati sasa yuko kituo cha sita, anadaka.