Zabibu, mnada na dumu lililopasuka: jibu kwa mwenye siku nne Dodoma

Mkuu mleta uzi, umesema una gari, mkeo, siku nne, na hamu ya kuzunguka Dodoma mkila na kuonja mvinyo kama watu wanavyofanya Stellenbosch kule Afrika Kusini. Ukauliza kama kuna kitu au ni kuchoma mafuta bure. Kitu kipo. Ila ukija na picha ya Stellenbosch kichwani utanuna, kama nilivyonuna mimi siku ya kwanza.

Sisi tulienda mwezi wa nane, mimi na mama Neema, watoto tukawaacha kwa bibi yao. Huo mwezi ndio jambo la kwanza la kupanga, kabla hata ya hoteli. Mzabibu wa Dodoma haulali. Ulaya baridi inaupukutisha majani, unapumzika, unaamka wenyewe. Huku hakuna baridi ya kuulaza, kwa hiyo mkulima ndiye anayeuamsha kwa mkasi: akipogolea leo, anahesabu miezi kama minne, anavuna. Ndiyo maana wanavuna mara mbili kwa mwaka, kwenye mwezi wa pili na wa tatu, halafu wa nane na wa tisa. Zabibu za mvua zinakuwa na maji mengi na ubwiriunga, ule ugonjwa wa ukungu, unazisumbua. Za kiangazi ndizo zenye sukari. Ukija kati ya hapo utapiga picha na majani na waya.

Siku ya kwanza sina la kusema. Kutoka Dar ni kama kilomita 450, vijiji vingi vina kibao cha 50, na ukijisahau unapigwa tochi. Siku hizi SGR inafika Dodoma, na kama si gari lenu kuwa sehemu ya raha ningewashauri mpande treni, mkodi gari hukohuko.

Jumamosi tulianza Makutupora, barabara ya kwenda Arusha, palipo na kituo cha utafiti wa zabibu. Jina la mahali ndilo jina la zabibu nyekundu inayolimwa sana huku. Kwa nyeupe, wengi wanalima Chenin Blanc. Hapo ndipo niliponunia. Nilikuwa nimejiandaa kwa chumba chenye glasi zilizopangwa na mtu wa kuniambia nisikie harufu gani. Kwenye kiwanda kidogo tulichoelekezwa kulikuwa na matangi ya plastiki, harufu ya hamira inayokupiga mlangoni, na meza ya bustanini yenye vikombe vitatu, kimoja kina ufa. Hatukuwa tumepiga simu. Mwenyeji alikuwa shambani, tukamsubiri saa nzima juani. Pigeni simu siku moja kabla, maana wengi wao ni wakulima kwanza, wauzaji baadaye.

Alipokuja, akatumiminia nyekundu kavu. Wengi tumeijua Dodoma kwa dompo, ile tamu inayopanda kichwani kimyakimya. Hii ilikuwa kitu kingine: nzito, inakausha ulimi kama chai ya rangi iliyokaa sana kwenye birika. Mimi ilinishinda peke yake. Mama Neema akasema, "Baba Neema, hii inataka nyama." Tukanunua mbili.

Na nyama ilikuwa kilomita chache nyuma yetu. Mnada wa Msalato ni Jumamosi, kwa hiyo pangeni safari yote kuizunguka siku hiyo. Unapita kwenye mitumba, kwenye ng'ombe na mbuzi wanaouzwa wazima, unafuata moshi. Unachagua mbuzi anavyoning'inia, unaonyesha kidole, "hapo kwenye mbavu," anakupimia, anaweka motoni. Halafu unasubiri, na usimharakishe mchomaji. Ikija inakatwakatwa mbele yako kwenye ubao, chumvi kilima kidogo pembeni, pilipili, ndizi za kuchoma. Tukatoa ile chupa kwenye kapu, tukaomba vikombe vya chai. Ule ukali ulionishinda asubuhi ukakutana na mafuta ya mbavu ukatulia kabisa. Mzee mmoja mezani kwetu alionja, akakunja uso, akarudi kwenye soda yake.

Suala la dereva lizungumzeni mapema. Sisi tulikubaliana anayeshika usukani haonji mpaka gari lilale. Jumamosi ilikuwa zamu ya mama Neema, na sijaacha kukumbushwa.

Usiku tulikula mjini kwa mama lishe: ugali wa uwele na mlenda wenye karanga. Huo mlenda si ule wa bamia mnaoujua pwani. Ni majani yaliyokaushwa na kutwangwa, yakipikwa yanavutika kama uzi, na ugali wenyewe ni mweusi, una utamu wa nafaka uliochomwa na jua. Mvinyo hapo hauna kazi. Kunyweni maji.

Jumapili tulishika barabara ya Iringa. Upande huu, Bihawana, ndipo wamisionari wa Kiitaliano walipopanda mizabibu miaka ya 1950, na mashamba bado yapo mengi mpaka Mpunguzi. Ukifika shambani anza na "Mbukwenyi" hata kama Kigogo chako kinaishia hapo. Mama Neema alisema hivyo tu, tukaitwa wanangu na kupewa kigoda. Watoto walikuwa wakipiga madebe kufukuza ndege. Mama mwenye shamba alimkatia mwenzangu kichala: punje ndogo nyeusi zimebanana, ganda gumu, mbegu ndani. "Onja, usishibe. Hizi ni za kukamua." Vidole vilibaki vya zambarau mpaka Dar.

Tukaendelea mpaka Mtera, bwawa la umeme la Ruaha Mkuu, zaidi ya kilomita 100 kutoka mjini. Perege wa kukaanga papo hapo, ndimu, na Chenin Blanc iliyolala kwenye deli lenye barafu tangu asubuhi. Zamu yangu ya usukani, nikaangalia tu mtu akinywa. Mimi nilimaliza yangu usiku hotelini na perege aliyepoa, na bado ninaihesabu kuwa glasi bora ya safari nzima.

Sasa dumu. Tukirudi tulinunua lita tano za mchuzi. Mchuzi huko ni maji ya zabibu zilizokamuliwa, ambayo wakulima wenye vikamulio huviuzia viwanda. Wetu ulikuwa bado unachemka wenyewe, vipovu vinapanda. Muuzaji akasema tusikaze kifuniko. Mama Neema alisikia. Mimi ndiye niliyefunga. Jumatatu, kabla ya Gairo, nikasikia mlio nikajua ni tairi. Nikasimama, nikazunguka gari, tairi zote nzima. Nikafungua buti: dumu limepasuka ubavu, zulia jekundu, na begi la mama Neema lenye gauni la harusi ya mdogo wake liko katikati ya dimbwi.

Siku ya nne wengine huipeleka Kondoa, kwenye michoro ya miambani ya Kolo. Sisi tuliitumia kutafuta dobi.