Sauti upande mmoja, ala upande wa pili: je, santuri ni mbovu?

SWALI: Ndugu Mhariri, nimenunua santuri mbili za The Beatles zenye nyimbo za mwaka 1962 hadi 1966, zile za jalada jekundu. Nikipiga "All My Loving", spika moja hutoa waimbaji peke yao na nyingine hutoa ala tupu. Fundi ameniambia nibadilishe spika. Je, ni kweli zimekufa? Na je, ninunue toleo jipya? – Msomaji, Kinondoni, Dar es Salaam.

JIBU: Ndugu msomaji, kabla hujatoa fedha yako, sikiliza "She Loves You", unaotangulia katika upande huo huo wa santuri. Iwapo waimbaji na ala wanasikika katika spika zote mbili, vifaa vyako ni vizima. Mwaka 1963, mtayarishaji George Martin alipourekodi "All My Loving" katika studio za EMI, Abbey Road, London, alitumia mashine yenye njia mbili tu. Aliweka ala katika njia moja na waimbaji katika nyingine ili baadaye aweze kupandisha au kushusha kimoja bila kugusa kingine, kisha avichanganye kuwa mono, yaani sauti yote pamoja katika njia moja, ambayo ndiyo waliyoisikiliza Waingereza wengi wakati ule, kama wazee wetu walivyoifaidi NUTA Jazz kupitia spika moja ya redio. Stirio, yaani sauti iliyogawanywa katika spika mbili, haikupewa uzito mkubwa.

Mtengano huo, hata hivyo, una faida yake. Zima spika ya waimbaji, usikilize katika beti jinsi gitaa la John Lennon, mmoja wa Beatles, linavyokimbia, mapigo matatu ndani ya kila dundo. Ni kazi ngumu ya mkono ambayo wengi wameupenda wimbo huu kwa miaka bila kuitambua.

Toleo la mwaka 2023 ninalipendekeza kwa moyo wote. Giles Martin, mwanawe George, alitumia kompyuta kuzitenganisha ala zilizokuwa zimeshikamana katika mkanda, akazipanga upya. Nyimbo zimeongezeka kutoka 26 hadi 38, na hatimaye zimeingia tungo za George Harrison, mpiga gitaa wa kundi hilo, ikiwemo "Taxman". Toleo la kwanza, la mwaka 1973, halikuwa na utungo wake hata mmoja, jambo ambalo naona halikumtendea haki. Santuri zako za zamani usiziuze. Kama amplifaya yako ina kitufe cha mono, kibonyeze unapofika "All My Loving".