Sekunde 30 za Katuni, Michoro Mingapi?

SWALI: Mimi ni mchoraji wa kujitegemea. Mteja anataka katuni ya sekunde 30 kwa wiki moja, je, nikubali? – Msomaji, Tanga

JIBU: Ndugu msomaji, piga hesabu kwanza. Sekunde moja ya filamu ina fremu 24, yaani picha tuli zinazopita moja baada ya nyingine, na hata ukishikilia kila mchoro kwa fremu 2, kama wafanyavyo wachoraji wengi, unaweza kuhitaji hadi michoro 360, mbali na rangi na sauti. Wiki moja haitoshi. Anza na vichoro vya penseli vinavyoonyesha kisa kizima, kisha mteja aviidhinishe kwa maandishi, kwani kurekebisha mkono wa mhusika katika hatua hiyo ni kazi ya dakika moja, ilhali baadaye utalazimika kuchora upya kila mchoro unaouonyesha. Malipo ya awali nayo uyadai mapema, tena bila haya.