Andikeni Usiku Ule Ule

Wakili wa upande wa pili alinishikisha picha niliyoipiga mwenyewe kwa simu yangu, akaniuliza kwa upole kabisa: "Shahidi, huyu mama aliyebeba kiroba, anatoka nacho wapi?" Nikajibu, anatoka nacho nyumbani kwa mpambe wa mgombea wenu. Akaniambia, "Ionyeshe mahakama hiyo nyumba." Haikuwamo. Kwenye picha kulikuwa na mama, kiroba cha unga cha kilo 10, ukuta wa matofali ya kuchoma na mguu wa mtu asiyejulikana. Nyumba ilikuwa nyuma yangu nilipopiga. Mimi nilijua kwa sababu nilikuwepo. Jaji hakuwepo.

Ilikuwa mwaka 2016. Uchaguzi wa 2015 nilikuwa mratibu wa kampeni katika kata moja ambayo sitaitaja. Mgombea wetu wa ubunge alishindwa, akafungua kesi ya kupinga matokeo, nami nikawa shahidi wa tano. Tuliangushwa. Tangu hapo kila uchaguzi ukimalizika napigiwa simu na vijana wenye hasira: kaka, wamegawa hela, tunakwenda mahakamani. Nawauliza jambo moja tu kabla ya mengine yote. Siku mlipoona hela zinagawiwa, mliandika nini usiku ule?

Kesi hizi haziamuliwi kwa uchungu wenu, hata kama kata nzima inajua kilichotokea. Nchini kwetu Tanzania anayelalamika anatakiwa kuthibitisha madai yake bila kuacha shaka ya msingi, kiwango kile kile cha kesi ya jinai. Watu wengi hawalijui hili mpaka wamesimama kizimbani. Wanadhani inatosha kuonyesha kwamba huenda rushwa ilitolewa. Haitoshi.

Chukueni jimbo la Igunga, mkoani Tabora. Uchaguzi mdogo wa Oktoba 2, 2011 ulimpa Dkt. Dalaly Kafumu wa CCM kura 26,484 dhidi ya 23,260 za Joseph Kashindye wa CHADEMA. Agosti 2012, Mahakama Kuu chini ya Jaji Mary Shangali ilitengua ushindi huo. Miongoni mwa mambo yaliyobishaniwa ni ahadi ya kujenga daraja la Mbutu, iliyotolewa katikati ya kampeni na aliyekuwa Waziri wa Ujenzi, John Magufuli. Naipenda hoja hii kwa sababu inafundisha. Fulana na kofia kila mtu anaziona, lakini ahadi ya waziri kwa watu wanaovuka mto kwa shida kila masika inaweza kuwa na uzito kuliko malori kumi ya mahindi. Nayo ni rahisi kuithibitisha, maana ilisemwa hadharani, kwa kipaza sauti, mbele ya waandishi wa habari. Pamoja na hayo, Dkt. Kafumu alikata rufaa na Mahakama ya Rufani ikamrudishia kiti chake. Kwa hiyo hata ukishinda Mahakama Kuu, usikimbilie kuchinja mbuzi.

Arusha Mjini ndiyo kesi ninayowasimulia mara nyingi zaidi. Aprili 5, 2012 Mahakama Kuu ilimvua ubunge Godbless Lema wa CHADEMA kwa maneno ya kashfa yaliyodaiwa kutolewa kwenye kampeni za 2010 dhidi ya Dkt. Batilda Buriani wa CCM. Waliofungua kesi hawakuwa Dkt. Batilda. Walikuwa wapiga kura watatu. Desemba 21 mwaka huo huo Mahakama ya Rufani ikamrejesha Lema bungeni, kwa sababu wapiga kura wale hawakuonyesha haki yao wenyewe iliyovunjwa. Kama kuna aliyetukanwa, ni mgombea, na mgombea hakulalamika. Arusha ilikaa zaidi ya miezi minane bila mbunge, kumbe kesi ilikuwa na ufa tangu siku inafunguliwa. Ndiyo maana kijana akinipigia nikamwuliza, "Mlalamikaji ni nani?" nami nikasikia kigugumizi, namwambia atafute wakili kesho asubuhi, kwa sababu siku zinakwenda. Kwa sheria tuliyoitumia sisi, dirisha lilikuwa siku 30 tangu matokeo kutangazwa, na dhamana ya gharama, yaani fedha anazoweka mlalamikaji mahakamani kufidia gharama za upande wa pili akishindwa, ilifika hadi shilingi milioni 5 kwa kila mlalamikiwa. Wakenya wana siku 28 na dhamana ya shilingi 500,000 za kwao kwa kiti cha ubunge. Ukizitumia wiki mbili za mwanzo kulia kwenye vijiwe, umekwisha.

Sasa, kuandika. Sheria ya Taifa ya Uchaguzi ya wakati ule, kifungu cha 108, ilisema uchaguzi unaweza kubatilishwa ikiwa kwenye kampeni yalisemwa maneno ya kuchochea tofauti za kabila, rangi, dini au jinsia, na yakawa yamesemwa na mgombea mwenyewe, au kwa niaba yake naye akijua na kuridhia. Tangu 2024 tuna Sheria mpya ya Uchaguzi wa Rais, Wabunge na Madiwani, kwa hiyo isomeni hiyo pamoja na wakili wenu. Lakini yale maneno "akijua na kuridhia" yakaeni kichwani. Mpambe akipanda jukwaani akasema msimchague yule kwa sababu ya kabila lake, usiandike matusi tu. Andika mgombea alikuwa amekaa wapi. Je, alipiga makofi? Aliposhika kipaza sauti baada ya hapo, alikanusha au aliendelea kana kwamba hakusikia? Hapo ndipo tulipopwaya. Tulikuwa na sauti ya mpambe, safi kabisa, dakika nne nzima. Hakuna hata mmoja wetu aliyeweza kuapa kwamba mgombea alikuwa bado yupo uwanjani.

Kuhusu simu: msizifute picha wala kuziuza simu. Mimi picha yangu niliituma kwenye kundi la WhatsApp, ikazunguka, kisha simu ikaniharibikia nikamwachia fundi. Iliyofika mahakamani ilikuwa nakala ya nakala. Tangu Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015, mahakama hutazama ushahidi wa namna hiyo ulitengenezwa vipi, ulitunzwa vipi na nani aliushika. Piga picha ya nyumba nzima kwanza, halafu mtaa, halafu mtu. Rudi nyumbani uandike daftarini kwa kalamu: tarehe, saa, mtaa, nani alikuwa pembeni yako, ulichokiona kwa macho na ulichoambiwa, kila kimoja upande wake. Yale ya kuambiwa hayatakusaidia kizimbani, ila yatakuonyesha nani wa kumtafuta.

Sina budi kusema ukweli wote, na sehemu hii inaniuma. Wakili alipomalizana na picha aliniuliza: "Na ninyi, siku ya mkutano wenu wa kufunga kampeni, watu walifikaje?" Nikasema kwa malori. "Nani alilipia?" Nikanyamaza. "Walikula nini?" Pilau. Nilimwona jaji akiandika. Sisi tulikuwa tukiuita ukarimu. Sheria iliwahi kuuita takrima, ikauruhusu mwaka 2000, mpaka Mahakama Kuu ilipokifuta kifungu hicho mwaka 2006 baada ya Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu na wenzao kwenda mahakamani. Nilikuwa naijua historia hiyo, niliwahi hata kuifundisha kwenye semina ya mawakala, na bado nilisimamia masufuria ya pilau. Wagombea mnaonisoma, nawasihi: mweka hazina wenu awe mtu anayeweza kukataa. Mkiwa na pilau lenu, mtashindwa kulisema la mwenzenu.

Mashahidi nao ni watu wenye maisha yao. Tulikuwa na majina kumi na moja, tukafika saba. Mmoja alihamia machimboni, mwingine mumewe alimkataza, wawili walizima simu. Sikuwalaumu wakati ule wala leo. Wanaishi mtaa mmoja na mpambe, wanachota maji bomba moja. Kabla hujaliandika jina la mtu kwenye orodha, mweleze ataulizwa nini na atakaa mjini siku ngapi, na umwachie nafasi ya kukataa bila kinyongo.

Yule mama wa kwenye picha alikuja. Hakuwa na haja ya kuja, lakini alivaa kanga zake mpya akapanda basi alfajiri. Wakili akamwuliza kama unga ule ndio uliomfanya apige kura alivyopiga. Akamtazama, akasema, "Baba, unga niliupika, watoto wakala. Kura yangu nilimpa niliyemtaka." Ukumbi mzima ukaguna. Kwa kesi yetu ilikuwa pigo, maana ndiye tuliyemtegemea aonyeshe kwamba zawadi zile ziligeuza kura. Kwa mtu aliyeapa kusema kweli, alisema kweli.

Tulirudi naye basi moja jioni ile. Sikumweleza kwamba jibu lake limetuumiza. Nilimwuliza tu kwa nini aliupokea ule unga. Akaniambia siku hiyo ndani hakukuwa na kitu, na kwamba sisi tulipopita asubuhi kuomba kura hatukumwuliza.