Jina la Forbes Park, Manila

Je, Forbes Park, mtaa wa matajiri pale Makati katika eneo la Manila, uliitwa kwa jina la jarida la Forbes? Hapana. Umepewa jina la William Cameron Forbes, Mmarekani aliyekuwa gavana mkuu wa Ufilipino kuanzia 1909 hadi 1913. Na McKinley Hill, mtaa mwingine kule Taguig, jirani na Makati, ni vivyo hivyo: eneo hilo lilikuwa kambi ya jeshi la Marekani, Fort William McKinley, yaani jina la rais wa Marekani aliyeitwaa Ufilipino kutoka kwa Wahispania mwaka 1898. Baadaye kambi ikaitwa Fort Bonifacio, kumuenzi Andrés Bonifacio, mwanzilishi wa Katipunan, chama cha siri kilichopigania uhuru kutoka kwa Wahispania. Kinachoniuma ni kwamba wajenzi walipokuja kuuza nyumba, mtaa wakaupa tena jina la McKinley.

Ila si majina yote ya kigeni yana asili ya ukoloni. Hapohapo McKinley Hill kuna maghorofa na maduka yenye jina la Venice, mji wa Italia, pamoja na mfereji wa mashua za gondola. Hilo ni la biashara tu, halina historia yoyote ya Wafilipino ndani yake.